Fainali ya Oakland Tunaijua, ya Nyayo Tunaibishania

Mwulize shabiki wa vikapu wa Nairobi aliyekesha alfajiri ya Jumatatu, tarehe 20 Juni 2016, ni nini kilichowapa Cleveland Cavaliers ubingwa wa NBA, ligi ya vikapu ya Marekani. Kabla hujamaliza swali atakuwa ameinua mkono kukuonyesha LeBron James alivyomfukuzia Andre Iguodala kutoka nyuma na kuubana mpira ubaoni. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Ila mpira ule ulipozuiwa, ikiwa imesalia dakika 1 na sekunde 50, matokeo yalikuwa 89 kwa 89, na baada ya kuzuiwa yakabaki 89 kwa 89. Pointi zilizoamua mechi zilikuja baadaye: kikapu cha pointi tatu cha Kyrie Irving mbele ya Stephen Curry zikisalia sekunde 53, kisha mtupo huru mmoja wa LeBron zikisalia sekunde 10.6. Cleveland 93, Golden State Warriors 89, katika ukumbi wa Warriors mjini Oakland.

Ukirudi nyuma kidogo unakuta jambo kubwa zaidi. Klay Thompson alisawazisha zikisalia dakika 4 na sekunde 39. Tangu hapo hadi kikapu cha Irving zilipita dakika 3 na sekunde 46 bila timu yoyote kupata hata pointi moja, na Warriors, timu iliyokuwa imeshinda mechi 73 kati ya 82 za msimu wa kawaida, hawakufunga tena mpaka mwisho. Ubingwa ule ulipatikana katika dakika ambazo hakuna aliyefunga. Mashambulizi yalikufa moja baada ya jingine: mtupo wa mbali umegonga ukingo, ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya mtupo kukoswa, imegombaniwa, mchezaji amechoka miguu na mpira umekuwa mfupi. Baada ya Irving kufunga, Kevin Love wa Cleveland, mtu mrefu ambaye ulinzi wake ulikuwa umelaumiwa sana, alijikuta peke yake mbele ya Curry nje ya mstari wa pointi tatu. Akamfuata kushoto, akamfuata kulia, akamnyima nafasi mpaka Curry akatupa akiwa amebanwa na akakosa. Kwenye takwimu za mechi kazi hiyo yote inasomeka kama mtupo mmoja uliokoswa na Curry. Jina la Love halimo.

Tunaweza kuyasema haya kwa uhakika kwa sababu ipo orodha ya tukio kwa tukio: kila mtupo, kila faulo, kila mchezaji aliyeingia na kutoka, na saa ya uwanja ilivyosoma wakati huo. Orodha za NBA za namna hiyo zinapatikana kwenye intaneti kuanzia msimu wa 1996-97. Sasa mwulize shabiki yuleyule kuhusu fainali ya ligi ya Kenya aliyoitazama kwa macho yake katika ukumbi wa Nyayo. Nani alibeba kombe, atakuambia. Kelele na joto la ukumbi uliojaa, anavyo kichwani. Lakini mechi ya tatu iliisha ngapi kwa ngapi? Nani aliingia robo ya mwisho akiwa na faulo nne, moja tu kabla ya kutolewa? Timu ilikuwa mbele kwa pointi ngapi kabla ya kukamatwa? Hapo ubishi unaanza, na hauna pa kuishia.

Si kwamba anaipenda Cleveland kuliko vilabu vya nyumbani, Ulinzi Warriors, KPA, Equity au Nairobi City Thunder. Fainali ya Oakland ameirudia kwenye simu mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu. Ya Nyayo aliiona mara moja, na tangu siku hiyo hakuna kilichomrudisha pale. Mapenzi anayo. Alichokosa ni kitu cha kuyashikia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Carolyn Breslin na Martin Safer unasaidia hapa, ingawa ni wa besiboli. Waliwauliza mashabiki wa Boston Red Sox na New York Yankees kuhusu mechi mbili za kuamua ubingwa wa ligi yao, ya 2003 ambayo Yankees walishinda na ya 2004 ambayo Red Sox walishinda. Mashabiki walikumbuka kwa usahihi zaidi mechi ambayo timu yao ilishinda, na ndiyo waliyoifikiria na kuizungumzia zaidi baadaye. Matokeo hayo yanalingana na tunachokiona vijiweni. Ushindi huzungumzwa, huangaliwa tena, husimuliwa kwa aliyelala. Kila mara unaposimuliwa unakaa imara zaidi. Kipigo hufungiwa kabatini. Kwa hiyo ukitaka kujua ukweli wa fainali ya Nyayo, walioshinda ndio wa kuanza nao, kisha walioshindwa uwatumie kupima majigambo. Na ujue pia hatari iliyomo: kinachorudiwa hukaa, kiwe sahihi au kisiwe.

Kosa moja hujirudia kuliko mengine yote, nalo ni kuhamisha ubingwa kutoka mechi ulikopatikana kwenda mechi iliyotikisa moyo.

Angalia Miami Heat wa 2013. Kila shabiki anataja mtupo wa Ray Allen wa kona ya kulia dhidi ya San Antonio Spurs, zikisalia sekunde 5.2, uliosawazisha 95 kwa 95. Wengi husema ndio uliowapa Heat kombe. Ile ilikuwa mechi ya sita, tarehe 18 Juni kwa saa za Miami. Heat walishinda 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, na katika mfululizo wa mechi saba wakawa tatu kwa tatu. Kombe lilichukuliwa siku mbili baadaye, katika mechi ya saba iliyoisha 95 kwa 88, LeBron akiwa na pointi 37. Hata mtupo wa Allen wenyewe usingekuwepo bila vitu viwili visivyotajwa sana: Kawhi Leonard kukosa mtupo huru mmoja kati ya miwili zikisalia sekunde 19.4, na Chris Bosh kuipata ribaundi ya LeBron alipokosa, kisha kumtolea Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea pembeni. Kama Leonard angepata yote miwili, pointi tatu zisingetosha.

Toronto Raptors wa 2019 ni mfano mzuri zaidi, na ni timu ambayo Nairobi ilikuwa na sababu ya kuishangilia. Masai Ujiri, aliyeijenga timu ile kama rais wake, mama yake ni Mkenya. Pascal Siakam anatoka Kamerun, Serge Ibaka anatoka Kongo. Ukimwomba shabiki picha moja ya ubingwa ule, mara nyingi atakupa ya Kawhi Leonard amechuchumaa pembeni mwa uwanja akiutazama mpira ukidunda mara nne juu ya ukingo kabla ya kuingia. Mtupo ule ulikuwa wa tarehe 12 Mei, mechi ya saba dhidi ya Philadelphia 76ers, 92 kwa 90, raundi ya pili ya mchujo. Baada yake Raptors walikuwa bado hawajapita Milwaukee, na fainali ilikuwa bado wiki kadhaa mbele.

Kwa nini fainali yenyewe ikapoteza nafasi yake? Tazama ilivyomalizika. Mechi ya sita, Oakland, Raptors wanaongoza 111 kwa 110. Danny Green wa Toronto anapoteza mpira, Curry anakosa mtupo wa pointi tatu, watu wanaugombania mpira sakafuni, na Draymond Green anaomba taimauti, mapumziko mafupi ya timu, ambayo Warriors hawana tena, ikiwa imesalia sekunde 0.9. Hiyo ni faulo ya kiufundi. Leonard anatupa mtupo huru, kisha mingine miwili, 114 kwa 110. Marefa wanasimama, saa inaangaliwa upya, wachezaji wa Toronto hawajui kama washangilie au wangoje. Ubingwa uliopatikana kwa namna hiyo hauna tukio moja la kushika. Kyle Lowry alipata pointi 26, Siakam 26, Fred VanVleet 22 akitokea benchi, na akili haijui imbebe yupi. Basi inachukua mtupo wa Philadelphia na kuupeleka kwenye sherehe.

Sioni ubaya katika kuhama huko kama anayehamisha anajua anafanya nini. Mtupo wa Philadelphia ni sehemu ya ubingwa. Kibaya ni pale unapofuta kazi ya Lowry, aliyefunga pointi 11 za kwanza za Toronto usiku ule na kuwazima mashabiki wa nyumbani mapema. Kijana anayejifunza vikapu kwa kutazama kumbukumbu za mashabiki atadhani ubingwa ni mtupo wa mwisho, na atakaa uwanjani hadi magharibi akijaribu mitupo ya kuanguka kinyumenyume huku mitupo huru hajaigusa.

Kenya nayo ina mtupo wake. Tarehe 20 Februari 2021 mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alifunga sekunde ya mwisho na Morans, timu ya taifa ya wanaume, wakaishinda Angola 74 kwa 73. Angola walikuwa wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, na ushindi ule uliisaidia Kenya kurudi AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, iliyochezwa Kigali mwaka huo, baada ya miaka 28. Benchi lilikuwa chini ya kocha Liz Mills. Video ya kikapu hicho ilizunguka nchi nzima na bado inazunguka. Lakini waulize mashabiki pointi nyingine 72 zilipatikanaje, ulinzi gani uliwazuia Waangola wasifikishe 80, nani alishika ribaundi katika robo ya tatu. Kimya. Na huu ni mchezo uliorekodiwa na FIBA, shirikisho la vikapu la dunia, wenye takwimu kamili mtu akizitafuta. Fikiria hali ya fainali za ligi za miaka ya nyuma ambazo hazikupigwa picha kabisa.

Hapa ndipo skoshiti, karatasi rasmi ya alama za mechi, inapoingia, na mashabiki wengi hawajawahi kuisoma ingawa inajazwa mita chache mbele yao. Skoshiti ya FIBA huwa na nakala nne. Ya juu ni nyeupe. Chini yake ipo ya buluu inayobaki kwa wanaoendesha mashindano, ya waridi inayopewa timu iliyoshinda, na ya njano inayopewa iliyoshindwa. Upande wa kulia kuna safu za namba kuanzia 1 hadi 160 kwa kila timu. Timu ikifunga kikapu cha kawaida, karani hukata namba ya jumla mpya kwa mstari wa mshazari na kuandika pembeni namba ya jezi ya mfungaji. Kikiwa cha pointi tatu, namba hiyo ya jezi huzungushiwa duara. Mtupo huru huwekewa nukta nene. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa kalamu nyekundu, ya pili na ya nne kwa buluu iliyokolea au nyeusi. Mwisho wa kila robo jumla huzungushiwa duara nene na kupigiwa mstari chini. Mwisho wa mechi hupigwa mistari miwili. Faulo ziko kushoto mbele ya jina la kila mchezaji: P ya kawaida, T ya kiufundi, U ya utovu wa uanamichezo, D ya kufukuzwa.

Mtu anayeijua skoshiti anaweza kuusoma mchezo mzima katika dakika tano. Nukta nyingi mfululizo kwenye safu ya timu moja mara nyingi maana yake wapinzani walifikia kikomo cha faulo na kila kugusana kukawa mitupo huru. Ukilinganisha safu mbili unaona timu moja imepiga hatua kumi huku nyingine imesimama, na kwa rangi ya wino unajua ni robo gani. Ubishi wa nani alifunga pointi ngapi unaisha hapohapo.

Ila usiitegemee kwa kila kitu. Skoshiti haiandiki mitupo iliyokoswa. Haiandiki ribaundi, wala asisti, yaani pasi ya kufungisha, wala mpira ulioibwa, wala mtupo uliozuiwa. Na kwenye safu za pointi haionyeshi dakika: unajua kikapu kilifungwa robo ya nne baada ya kingine, hujui kama ilikuwa dakika ya pili au ya tisa. Laiti mechi ya 2016 ingebaki na skoshiti ya namna hii tu, zile dakika 3 na sekunde 46 za ukame zisingeonekana kabisa; tungeona 89 na 89, kisha 92, kisha 93, kana kwamba zilifuatana papo hapo. Kazi ya LeBron na ya Love ingekuwa imepotea. Kwa hiyo shabiki anayekumbuka ulinzi ana kitu ambacho karatasi haina, na ndiyo sababu kumbukumbu yake inafaa kuandikwa mapema, kabla haijasuguliwa na masimulizi ya wengine.

Kuijazia skoshiti pengo hakuhitaji mtambo. Kinachohitajika ni daftari na watu wawili. Mtu mmoja hatoshi, kwa sababu akiinamisha kichwa kuandika anakosa pasi inayofuata. Mmoja atazame uwanja tu na kutamka, mwingine aandike bila kuinua macho isipokuwa kwa saa ya uwanja. Msijaribu mechi nzima. Katika mechi ya dakika 40 kila timu hupata mashambulizi kama 70 hadi 80, na anayeanza huchoka robo ya pili na kuacha. Andikeni dakika tano za mwisho za robo ya nne na muda wote wa nyongeza ukiwepo. Hayo ni mashambulizi kama 20 kwa timu zote mbili pamoja, yanaingia ukurasa mmoja. Kila mstari uwe na saa ya uwanja, matokeo, namba ya jezi, na tukio kwa herufi moja au mbili mtakazokubaliana kabla mpira haujarushwa. Ongezeni jambo moja ambalo takwimu za kawaida hazina: nani alikuwa anamlinda mfungaji au aliyekosa. Miaka kumi baadaye safu hiyo itakuwa ya thamani kuliko zote.

Makosa yanayoharibu daftari la namna hii yanajulikana. La kwanza ni kuandika majina badala ya namba za jezi, kwa sababu jina la utani lililokuwa maarufu mwaka ule linakuwa fumbo baadaye. Orodha ya jezi na majina kamili iandikwe ukurasa wa kwanza kabla ya mechi. La pili ni kuchanganya saa ya uwanja na saa ya mkononi. La tatu, lililo baya zaidi, ni kuacha kuandika mashabiki wanapovamia uwanja kushangilia, wakati ndipo mtu anapaswa kwenda mezani kuomba kwa adabu kupiga picha skoshiti iliyotiwa sahihi. Nakala za waridi na njano huandikika kwa msukumo wa kalamu kupitia karatasi za juu. Ya mwisho mara nyingi ni hafifu tangu siku ya kwanza. Ipigwe picha usiku huohuo, mwanga ukitoka pembeni, simu ikiwa sambamba na karatasi, picha moja ya ukurasa mzima na nyingine za karibu kwa kila nusu. Penye kompyuta mezani badala ya karatasi, omba faili la PDF.

Kuhusu video, mashabiki wa Nairobi hupiga nyingi mno za sherehe na chache mno za mchezo. Kaa usawa wa mstari wa kati, juu kadiri viti vinavyoruhusu, si nyuma ya goli ambako kimo cha wachezaji hufunika kila kitu. Simu ilale, ubao wa alama uwemo kwenye picha au uuonyeshe kila mpira unaposimama. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo simu iliyowekwa fremu 30 au 60 kwa sekunde inaweza kuonyesha mistari inayotembea chini ya baadhi ya taa za ukumbi; ikiwa inaruhusu, chagua 25 au 50. Kwa ubora wa 1080p tenga karibu megabaiti 130 kwa dakika, kwa 720p karibu 60, kutegemea simu. Mechi ya dakika 40 huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili ukihesabu taimauti na mapumziko, na ukirekodi dakika 100 kwa 1080p unahitaji gigabaiti 13 zilizo wazi. Simu iwekwe hali ya ndege, kwa maana simu ikipigwa katikati ya robo ya nne kurekodi kunaweza kukatika. Na uanze faili jipya kila robo. Likiharibika moja, matatu yanabaki.

Halafu kuna suala la kuhifadhi, ambalo huua kumbukumbu nyingi kuliko uzembe wa kupiga picha. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kuondolewa taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Kwenye simu za Android jina la faili huanza na IMG, kisha tarehe, kisha WA, na tarehe hiyo ni ya kutumwa au kupokelewa, si ya kupigwa. Albamu nzima ya fainali inaweza kuonekana ni ya wiki iliyofuata kwa sababu tu mwenye picha alichelewa kuzituma. Zitumwe kama hati, si kama picha, na nakala moja ikae nje ya simu, kwa sababu simu za Nairobi huibwa.

Wanaokusanya kumbukumbu za NBA kutoka Nairobi wana mtego wao wa saa. Wakati wa fainali, mwezi Juni, New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Mechi inayoanza saa mbili usiku kwao huanza saa tisa usiku kwetu, na tarehe imeshageuka. Ndiyo maana vitabu vinasema Cleveland walitwaa kombe tarehe 19 Juni 2016 na shabiki wa Kayole anaapa ilikuwa tarehe 20, na wote wako sahihi. Mechi ya kuamua ya Raptors ilikuwa Alhamisi usiku Oakland, Ijumaa alfajiri Nairobi. Ya Milwaukee Bucks, Giannis Antetokounmpo alipopata pointi 50 na kufunga mitupo huru 17 kati ya 19, ilikuwa Jumanne kwao na Jumatano kwetu, tarehe 21 Julai 2021. Andika tarehe zote mbili. Usilinganishe pia ujumbe wa kundi la WhatsApp na saa ya uwanja moja kwa moja: matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya yale ya setilaiti, pengine kwa nusu dakika au zaidi, ndiyo sababu ukelele wa jirani wa ghorofa ya pili husikika kabla mpira haujafika golini kwenye simu yako. Ujumbe unaosema "ameingiza!" unathibitisha kwamba kikapu kilifungwa kabla ya dakika hiyo, basi.

Yote haya yanafaa kuanza sasa, wakati vikapu vya Nairobi vina cha kuandikwa. Nairobi City Thunder walifuzu mwishoni mwa 2024 na mwaka 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Basketball Africa League, ligi ya vilabu vya Afrika, mechi zao za kundi zikichezwa Kigali. Waliowatazama wakikua kutoka timu ya kawaida ya ligi wapo, wana akili timamu na picha kwenye simu. Ligi nayo inaweza kusaidia kwa hatua moja isiyogharimu chochote: kuweka hadharani picha ya skoshiti ya kila mechi ya fainali kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo.

Lakini wanaohitaji kufikiwa haraka zaidi ni wazee. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika wa wanaume, Angola wakatwaa kombe na Kenya ikamaliza ya nne. Mwaka uliofuata timu ya wanawake ya Kenya ilicheza ubingwa wa dunia nchini Australia. Aliyekuwa na miaka 25 kwenye viti vya ukumbi mwaka 1993 sasa anakaribia 60 au ameipita. Hao ndio wa kuhojiwa kwanza, na wahojiwe vizuri.

Usianze kwa kumwuliza mzee matokeo, kwani atakupa namba aliyoisikia kwa wengine na atajifunga nayo. Anza na mahali: alikaa upande gani wa ukumbi, goli lipi lilikuwa karibu naye, alikuja na nani, alirudi nyumbani kwa matatu ya njia gani. Kisha mwulize alichokiona yeye kutoka kiti kile, mchezaji gani alikuwa akimlinda nani, nani alikuwa anaanguka sakafuni, benchi lilikuwa linafanya nini. Mwache amalize. Usimwonyeshe gazeti wala picha kabla hajamaliza, maana akishaiona picha ataieleza picha. Mrekodi sauti, andika tarehe ya mahojiano, na umhoji peke yake hata kama rafiki zake wameketi meza ya jirani. Wawili wakihojiwa pamoja hukupa simulizi moja, na kwa kawaida ni la yule mwenye sauti kubwa. Baada ya hapo tu ndipo umwulize ngapi kwa ngapi, kisha ufungue magazeti ya wiki ile mkiwa wote wawili.